Matembezi Yako ya Siku Mbilimbili

S.L.P. 88,
Tunduma, Songwe.
23 Juni, 2025.

Mpendwa mdogo wangu Gwantwa,

Nakusalimu kwa upendo wa Bwana. Hujambo? Ule mgongo uliokuwa ukikusumbua kwa kuwainua wazee wa watu kazini huko Uingereza unaendeleaje? Na unakula? Nauliza la kula kwa sababu, utaiona huko chini. Sisi huku tu wazima, ila baridi ya mwezi huu imetukamata vibaya, na vumbi la malori linatukohoza kila asubuhi. Mama yuko Iyula. Magoti yanamuuma lakini bado anataka kuchuma kahawa mwenyewe, na ukimzuia ananuna mpaka kesho yake.

Utashangaa kupata karatasi wakati simu ninayo. Barua hii nimempa Faith, binti wa mchungaji wetu, anayekuja huko kwa masomo, na nimemwapisha asiifungue. Kundi la familia kwenye simu lina masikio mengi. Halafu karatasi ukishaiandika imeandikwa, si kama ule ujumbe wako uliotufikia juzijuzi ukafutwa kabla hata sijavaa miwani. Mtu hafuti salamu, Gwantwa. Anafuta kitu kingine.

Nianze na picha. Tangu Januari umegeuka mtu wa matembezi. Ijumaa uko kazini Leicester, Jumamosi uko York umesimama chini ya ukuta wa mawe, Jumapili jioni umerudi. Wiki chache zikipita, Newcastle, daraja liko nyuma yako. Kisha Liverpool. Kisha Brighton, kwenye bahari ambayo ufuko wake hauna mchanga, ni kokoto tupu, nawe umejikunyata ndani ya lile koti la bluu. Ukaenda hata Bath, ukatuandikia habari za maji ya moto yanayotoka ardhini. Maji ya moto hata huku kwetu bonde la Songwe yapo, na sijasikia mtu aliyelipia hoteli kwenda kuyaangalia. Ndugu kwenye kundi wanakushangilia, hongera Gwantwa, kula maisha. Mimi nilikuwa naangalia tu.

Kazi yangu unaijua. Mwenye gesti hapa mpakani, mtu akishuka na begi dogo Ijumaa ili aondoke Jumapili, anamjua kabla hajauliza bei. Mwenye mzigo wa kuuza namjua. Dereva anayesubiri lori lake livuke namjua. Aliyekuja na mke wa mtu ndiye rahisi kuliko wote, kwa sababu huwa ananiamkia kwa heshima mno. Sasa wewe kwenye miji hiyo huna ndugu, huna msiba, huna mzigo, unakwenda kulala huko kufanya nini? Nisamehe, nilianza na la mwanaume. Nilijiuliza ni nani anayekupiga hizo picha. Nikamwambia Rozi wangu azikuze ahesabu vikombe vilivyo mezani. Kilikuwa kimoja, chai imejaa, haijaguswa. Hapo nikazidi kukushuku, maana mwanaume angeniudhi lakini ningemwelewa.

Rozi aliniona mshamba. "Mama, wenzetu huko wanatembea tu, wanapumzisha akili." Nikamwuliza, anayepumzisha akili mbona uso umekaza hivyo wakati mdomo unacheka? Akasema nina wivu na nimezeeka, akarudi kwenye mashuka yake.

Kilichonichoma kabisa ni Glasgow. Uliweka picha ya kitanda chenye shuka jeupe na dirisha lenye mvua, ukaandika kwamba hoteli ni nzuri na ipo karibu na stesheni. Glasgow si ndiko anakokaa kaka yako Ambakisye? Umelala hotelini kwenye mji wa kaka yako wa tumbo moja! Ungekuwa Mwingereza ningenyamaza. Mtu wetu hawezi kupita hata Nanyala bila kubisha hodi kwa ndugu, sembuse kulala. Unakumbuka Baba mdogo Watson alipokuja Tunduma akachukua chumba kwangu kimyakimya, eti hataki kunisumbua? Nilimtoa mle ndani na begi lake nikamlaza sebuleni kwangu, na nusu ya ukoo bado inanisema kwamba nilichelewa kumtoa.

Basi nikajua mmegombana. Niliwalaumu wote wawili kimoyomoyo huku nikifua, nikitafuta mlichogombania. Mama alituzaa watatu. Nyie wawili mko kwenye kisiwa kimoja mbali na kila mtu, na kama hata salamu hampeani, Mama aambiwe nini, na aambiwe na nani? Nilipofikiria hivyo nikaanza kukumbuka mambo mengine. Tangu mwaka mpya sauti ya Ambakisye hatujaisikia. Salamu zake zinakuja kwa mdomo wako: Ambakisye anawasalimu, Ambakisye kabanwa na kazi, Ambakisye simu yake mbovu. Pasaka nilimpigia, haikuita. Nikakuuliza wewe, nawe ukanijibu kwa picha ya ngome ya Edinburgh.

Jibu nimelipata wiki iliyopita, na sikulipata kwako.

Siku ya Ijumaa alishuka kwangu mwanamke mmoja kutoka Ileje, anaitwa Tusekile, ana begi dogo. Nikampanga kwenye fungu la wale niliokutajia, nikampa chumba cha karibu na mapokezi ili nimchunge. Chai aliagiza, hakuinywa. Kutwa nzima alikuwa stendi na kwenye maegesho ya malori, anawanunulia bodaboda soda na kuwaonyesha kitu kwenye simu. Nikazidi kumshuku. Kesho yake jioni alimwomba Rozi ampige picha karibu na lango la mpaka. Alijipaka mafuta midomoni, akarekebisha kilemba, akacheka mpaka magego yakaonekana. Akaituma nyumbani kwa mama mkwe wake na maneno kwamba yuko Tunduma anatembea kidogo, wasiwe na wasiwasi. Kisha akaja kukaa kwenye ngazi yangu, akajifunika uso kwa kitenge, akalia.

Mumewe alivuka kwenda Nakonde, upande wa Zambia, kutafuta vibarua, na tangu Kwaresima hajulikani alipo.

"Dada, nikiwaambia nyumbani namtafuta, watajua amepotea," aliniambia. "Bora wajue ninatembea."

Nilimletea maji. Kicheko kile nilishakiona. Nilimwomba Rozi simu nikaanza kuzipitia picha zako upya, York, Newcastle, Liverpool, Glasgow. Karibu kila mahali umesimama jirani na stesheni au stendi ya mabasi. Ile ya Liverpool, nyuma yako kuna mlango wa kanisa, na watu wenye mablanketi mabegani wamepanga foleni wanapewa chakula. Ni nani anayekwenda kupumzisha akili kwenye foleni ile?

Unamtafuta Ambakisye.

Niambie nimekosea, nitafurahi, na nitakuomba radhi mbele ya ukoo mzima. Kama sijakosea, niambie yote. Alipoteza kazi? Aliugua akili? Aliondoka Glasgow lini, na polisi wanasemaje? Na zile salamu zake, ulikuwa unazitunga mwenyewe ukiwa kwenye treni unarudi? Nina hasira na wewe, Gwantwa. Nimekulilia pia, sitaficha. Umebebaje jambo kama hili peke yako na dada unaye?

Na kukushuku bado nakushuku. Nadhani kuna unalolijua ambalo ni zito kuliko hili nililolivumbua, na ule ujumbe uliofutwa ulikuwa wa hilo. Kama ameshakufa, usinitumie picha ya daraja. Nipigie, niko tayari, nitakaa chini kwanza ndipo nipokee.

Kama bado unatafuta, basi msikilize mtu anayewapokea watafutaji mara kwa mara. Watu wa mapokezi usiwaulize, sisi tunaangalia begi na pochi, sura hatuzishiki. Waulize wanaofagia na wanaouza chai asubuhi na mapema, hao ndio wanaojua nani alilala wapi. Usionyeshe ile picha aliyovaa suti kwenye harusi ya binamu yetu Anna. Onyesha ile ya shambani, ana ndevu na sweta limechanika kiwikoni. Usiende peke yako kwenye vichochoro, tafuta mtu wa kanisa mwende naye. Na chai ukiinunua uinywe, maana ukitembea na njaa kila mwanaume mweusi utakayemwona kwa mbali atakuwa Ambakisye, na utachoka moyo bure.

Tusekile mwenyewe bado hajampata mumewe, ila amepata fununu. Mteja wangu mmoja wa Zambia, yule anayeingia na salamu zake za kwao za "mulishani" kwa kila mtu hata kwa paka, aliiangalia ile picha kwenye simu akasema mtu kama huyo amemwona Kapiri, huko kwao Zambia, anapakia mahindi. Tusekile amevuka jana kumfuata. Nimemfungia chapati na nimemkatalia kulipa chumba.

Sasa nikueleze la Mama. Jana baada ya ibada nilipanda Iyula, nia yangu nihakikishe kwamba hajui kitu. Njia nzima nilikuwa napanga uongo wangu vizuri, uongo wa kuongezea kwenye wako. Nilimkuta anageuza kahawa kwenye kichanja, tukaigeuza pamoja. Tulipomaliza akanawa mikono, akajifuta kwenye kanga, akatoa ile simu uliyomnunulia. Nilidhani hajui hata kuifungua, siku zote hulalamika kwamba vitufe havionekani.

Akazifungua picha zako. Nikaanza kumsimulia habari za ngome na madaraja kama mtu aliyewahi kufika. Hakunisikiliza. Alikuwa anaikuza picha kwa vidole viwili, vizuri kabisa, kuliko hata mimi, na wewe ukatoka pembeni ya kioo usionekane tena. Akawaangalia wapita njia waliokuwa nyuma yako. Mwenye kofia. Aliyeinama. Anayevuka barabara na mfuko. Akikaa kwa mmoja kwa muda, anasema polepole, "Huyu naye siye," anakwenda kwa mwingine. Picha zikaisha zote hivyo.

Uongo wangu wote nilirudi nao Tunduma. Nani alimwambia sijui, na nimeshaacha kumshuku mtu. Nadhani alianza kuzikagua kabla yangu.

Rozi anakusalimu, na anaomba umsamehe kwa kushangilia zile picha na kuweka mioyo myekundu. Baba mdogo Watson anakusalimu, yeye hajui chochote na tumwache hivyo hivyo, mdomo wake haufungi. Watu wa kwaya wote wanakuulizia. Nami naomba Mungu akutangulie kila stesheni unayoshuka, awe ameshafika kabla yako, akuonyeshe kaka yako angali anatembea kwa miguu yake. Na ukimpata, mlale nyumba moja.

Mama anakusalimu sana. Hajui kwamba nimekuandikia haya. Ila aliposikia Faith anakuja huko, alinipa maneno machache nikufikishie yalivyo bila kuongeza. Anasema picha zako anazipata na ni nzuri, lakini unaziba. Safari ijayo usisimame katikati. Simama pembeni kidogo, watu wa nyuma waonekane.

Ni mimi dada yako, ninayekupenda hata nikikushuku,

Ketrina