Sabina wa Hughie Rua

Glasgow, 9 Novemba 1993

Dada Nábla mpendwa,

Salamu kutoka huku kwenye mvua kuja huko kwenye mvua. Sisi wazima. Ailsa wangu kang'oka meno mawili ya utoto na anatembea akiyaonyesha mapengo kama mtu aliyeshinda kikombe. Kifua cha Mama kinaendeleaje? Usinifiche.

Sasa lawama. Fletcher, msimamizi wa vibarua wangu, alikuja Ayalandi likizo, nikampa blanketi la umeme la Mama. Kazunguka Meenabrack nzima akiuliza, "Bi Gallagher ni yupi?" Nyumba sita wakamkaribisha chai, nyumba sita wakamjibu, "Ndiye mimi." Blanketi liko kwa yule wajina wa Mama, Sabina Gallagher wa kando ya kanisa, na Mama anatetemeka!

Darasani kwetu tulikuwa watoto thelathini na mmoja, Gallagher kumi na tisa. Waingereza walishalimaliza hilo: Fletcher ni ukoo wa watengeneza mishale, Wainwright mafundi wa mikokoteni, Smith wahunzi. Mtu na jina lake, basi. Mimi nilianza na sepetu ndani ya handaki, leo Gallagher imeandikwa kwenye malori yangu manane. Lakini nikishuka basi huko kwenu bado ni "Dinny wa Sabina", kana kwamba sikuwa na baba.

Mdogo wako,
Dinny

Meenabrack, Donegal, 20 Novemba 1993

Mdogo wangu Dinny,

Salamu zimefika, na mvua tunayo. Mama kaicheka habari ya blanketi mpaka akakohoa, nikajuta kumsomea. Kifua si kizuri. Daktari anasema atapata nafuu baridi ikiisha, lakini hakunitazama usoni aliposema.

Na huyo Fletcher wako, amewahi kushika mshale? Kazi imekufa, jina limebaki likizurura. Letu, Mama anasema, maana yake ni mgeni aliyekuja kusaidia. Zuri, lakini ni koti la bonde zima. Yeye ni Sabina wa Hughie Rua, binti wa Hughie wa nywele nyekundu. Ukitaja hilo umeshafika mlangoni. Baba alikuwa mtu mwema, ila miezi kumi ya mwaka alikuwa kwenye vibarua Uskoti. Hapa mtoto huitwa kwa yule aliyekuwa akimwita aje kula.

Mama ameagiza jambo moja tu: siku yake ikifika, nyumba ijae mpaka watu wakose pa kukaa.

Dada yako,
Nábla

Meenabrack, 3 Februari 1994

Dinny,

Natumai bahari haikukutesa ulipokuwa unarudi. Uliniuliza kwa nini nilikununia siku ya mazishi. Haya, sikia.

Ulipiga simu ukasema mtoto wa kiume ndiye anayetoa tangazo la msiba redioni, ukamtangaza Mama kwa jina la malori: Bi Sabina Gallagher, Meenabrack. Jioni ya kwanza ya matanga tulikaa wawili, mimi kitini, yeye kwenye jeneza. Mama aliyewaosha wafu wa bonde zima! Niliandaa mikate ya watu themanini, na hakuna aliyebisha hodi. Nilimwonea haya.

Kisha Condy jirani akaja kurudisha ngazi. "Sabina wa Hughie yupo?" Akaliona jeneza. Ngazi ikamponyoka.

"Ni yeye? Nábla, we mwanamke! Redio ilisema Gallagher, sote tukaenda kule kando ya kanisa. Kafungua mlango mwenyewe, mzima, blanketi mabegani! Sasa watu wamevaa nguo za msiba wanapita kuwakagua akina Sabina mmoja mmoja!"

Akakimbia mpaka njia panda akaita jina la Mama, lote, kwa sauti ya kuitia ng'ombe. Ulipofika asubuhi ukakuta wamebanana mpaka uani, ukadhani ni kazi ya tangazo lako.

Nábla

Glasgow, 20 Februari 1994

Dada Nábla,

Afya tunayo. Barua yako niliisomea ndani ya lori, na ilibidi niegeshe.

Nimepiga hesabu. Siku ile walinishika mkono watu wasiopungua mia tatu, na hakuna hata mmoja aliyeuliza mimi ni nani. Hapa nina wafanyakazi arobaini, na bado barua zangu zinakwenda kwa Gallagher muuza rangi. Ninyi mnabeba vizazi vinne kichwani, bila karani, na kila mtu anafikishwa kwake. Mimi nilimpoteza Mama kwa maneno matatu. Hilo bonde lenu nalivulia kofia.

Fundi wa jiwe la kaburi anasubiri. Nimemwandikia "Sabina wa Hughie Rua" juu, Gallagher chini kwa herufi ndogo. Ukikataa, sema.

Jingine naona haya kuliuliza. Ailsa anataka kujua akija huko ataitwa nani. Mama yake ni wa hapa, na yeye hajawahi kulala kwenu hata siku moja. Labda hana jina huko.

Dinny

Meenabrack, 1 Machi 1994

Mdogo wangu,

Tu wazima. Jiwe lichongwe hivyohivyo.

Swali lako nilimpelekea Condy, nikamkuta anakamua. Hata kichwa hakugeuza.

"Ailsa wa Dinny wa Sabina wa Hughie Rua," akasema. "Tunamwita hivyo tangu azaliwe. Kwani hamkumwambia?"

Dada yako,
Nábla