Mkono wa Salim

Magongo, Jumapili

Wote wanamlaumu Salim, kipa wetu, kwa mabao mawili ya jana. Hawajui kwamba kabla ya mechi aliniambia, "Kocha, mkono waniuma," nami nikamwambia ajikaze. Kipa wa akiba sikumwamini.

Leo baada ya alasiri nilikwenda kwao. Nilimwamkia mamake, nikamweleza kwamba kosa ni langu.

"Najua, mwanangu," akasema. "Mkono huo naukanda tangu Alhamisi. Nenda ukawaambie wanaomzomea."

Nikaenda barazani wanapokaa mashabiki, nikawaambia. Mmoja akauliza kama nitaacha ukocha.

Kamati inakutana Jumatano, na huenda wakaniondoa. Naogopa, lakini chakula kimepita leo. Jana kilinishinda.