Besi ya Baba na Arobaini Yangu

Mafiga, Morogoro
Jumanne

Dada mpendwa Eufrazia,

Shikamoo. Natumaini barua hii itakukuta mzima huko Dumila, pamoja na shemeji Godfrey na watoto, na kwamba kile kikohozi cha Janeth kimemwachia. Mimi mwili ni mzima. Utashangaa kuandikiwa barua zama hizi za simu, lakini nimekupigia mara tatu, na kila nikisikia sauti yako naishia kuuliza bei ya nyanya.

Maandalizi ya arobaini ya Baba yanakwenda vizuri. Jumapili nilipanda mlimani nyumbani kwa Baba, nikamkuta Shangazi Scholastika ameshapata mchele na maharage, na katekista ameahidi kuja mapema. Shangazi alisema pia kwamba baada ya ibada ukoo utamkabidhi mwanawe Evance lile gitaa la besi la mjomba wake, besi ya Baba. Hakuniuliza, wala hakuwa na sababu ya kuniuliza. Sisi Waluguru mtoto ni wa ukoo wa mama yake, na vitu vya mwanamume humwendea mtoto wa dada yake. Nayajua hayo tangu utoto, na tangu utoto yananiuma.

Kazi yangu unaijua, wewe uliyenibatiza jina la mnunuzi wa mifupa ya bendi. Nazunguka kwa wazee waliopiga muziki wa dansi, nanunua magitaa ya besi yaliyolala uvunguni, nayasafisha, nawauzia watu wanaoyakusanya. Wanayoyalilia zaidi ni yale ya shingo tupu, yasiyo na vile vyuma vinavyoonyesha kidole kikae wapi. Ni adimu, maana anayelipiga lazima awe na sikio. Baba alikuwa na sikio hilo, na besi ya namna hiyo alikuwa nayo tangu enzi za bendi ya wafanyakazi wa mashamba ya miwa. Ugonjwa wa sukari ulipomla macho, alichonga alama ndogo kwa kisu pembeni mwa shingo yake, dole gumba limwongoze.

Unaikumbuka misa ya mavuno mwaka jana. Baba alianza wimbo, sauti ikapinda. Akaanza tena, ikapinda tena, watu wakainamisha vichwa. Akailaza besi magotini, akawaomba wamsamehe, vidole vyake vimezeeka. Wewe ulilia. Tangu siku ile hakupiga tena mbele ya mtu, nasi tukaambizana kwamba ndio uzee.

Dada, vidole havikuwa vimezeeka. Besi ile haikuwa yake.

Miezi miwili kabla ya misa nilimwomba nikaifanyie ukarabati. Mnunuzi kutoka Dar alikuwa ananisubiri Mikese, nikamkabidhi pale pale kando ya barabara. Nilijiambia kwamba mimi ndiye ninayemuuguza Baba, kwa hiyo ni haki yangu kuliko Evance. Ulikuwa wivu, na tamaa. Kisha nikachukua besi ya kawaida, ya rahisi, nikang'oa vyuma kwa koleo, nikaziba mianya, nikapiga msasa, nikaifunga mkanda wake wa zamani. Alama zake nilizinakili kwa rula, moja moja, nikajisifu kwa ufundi, nikamrudishia Baba asubuhi ya misa yenyewe. Nilisahau kupima kitu kimoja tu: nyuzi za besi hii ni fupi kuliko za ile. Kila alama ikawa uongo. Kipofu aliufuata mkono wangu, ukamwaibisha kanisani.

Nimempigia yule mnunuzi. Besi imeshavuka bahari, na aliyeichukua hataki kumtaja.

Ningeweza kunyamaza. Evance ni mtu wa kinanda, angeipokea hii hii kwa machozi. Lakini Jumapili Shangazi alinituma niitoe chini ya kitanda cha Baba niifute vumbi. Nikapitisha dole gumba pembeni mwa shingo, kama alivyokuwa akifanya yeye. Alama zangu saba za kwanza zimezibwa kwa nta ya mshumaa. Karibu na kila moja ipo nyingine, ya kisu, imesogezwa kidogo. Nikapiga kwa kuzifuata. Zote saba zilikuwa sawa.

Alijua, Dada. Alijua, na bado aliwaambia watu vidole vyake vimezeeka, asije akasema mwanawe ni mwizi. Baada ya hapo nilikaa naye mlimani nikimlisha uji miezi minane, naye kila asubuhi akinishukuru. Hilo ndilo linaloninyima usingizi.

Wanasema siku za mwizi ni arobaini. Yangu ni Jumamosi. Nitasema mbele ya ukoo wote, kabla Evance hajanyoosha mikono. Sikuombi unitetee. Naomba tu ulisikie hapa kwanza, usije ukaanguka mbele za watu.

Nisalimie shemeji, wabusu watoto. Njoo na sweta, mlimani mvua haikatiki. Besi nitaileta mwenyewe. Alama ya nane alikuwa ameianza tu, kisu hakijaingia hata nusu. Zilizobaki bado ni zangu.

Mdogo wako,
Kasimiri