Wananiita Mama wa Mtoto Ambaye Hajaja

Mama Priscah,

Nakusalimu sana, mimi msomaji wa safu yako gazetini, na nakuomba usome mpaka mwisho kabla hujanikasirikia, maana barua hii nimeianza mara nyingi nikaichana, na hata sasa naiandika kwenye meza ya cherehani huku nikijifanya napiga hesabu ya vitambaa vya sare za shule ili jirani asiniulize namwandikia nani. Mimi ni mke wa mtu hapa Rodi Kopany, nashona nguo sokoni, na mume wangu Joash anachimba dhahabu kule Osiri na kurudi nyumbani Ijumaa kabla jua halijatua kwa sababu sisi ni Wasabato. Tumeoana miaka saba na hatujapata mtoto, hata mimba ya kuharibika sijapata, na kama kuna mzizi ambao sijaunywa kwa ajili ya habari hiyo basi haujachimbwa bado.

Mwaka jana niliacha dawa za miti nikaenda hospitali ya misheni upande wa Migori, na huko daktari alinipiga ile picha ya mirija ya uzazi, ambayo Mama sitaki hata kuikumbuka, akasema mrija mmoja umeziba lakini wa pili uko wazi, akanipa vidonge na kunionyesha siku za kuwa na mume wangu, nami nikatoka nikiwa na furaha mpaka nilipokumbuka kwamba siku hizo zikianguka katikati ya wiki Joash yuko ndani ya shimo. Mwezi mmoja nilimfuata huko huko Osiri, wenzake wakatuachia kibanda wakaenda kukaa nje wakicheka, na yeye akaona haya na mimi nikaona haya, tukageuziana migongo tukalala. Ndiyo dawa niliyoifuata kutoka Rodi.

Kila mwezi nikiona damu nakaa chooni mpaka miguu inakufa ganzi, kisha nanawa uso narudi kwa wateja. Pale kliniki kuna muuguzi, Sista Gesare, alikuwa ananiuliza, "Dada, unalala kweli? Unakula?" nami namwambia niko sawa tu. Jumatano anakaa na wanawake wanaotafuta mtoto katika chumba cha nyuma, wanaongea tu, hakuna sindano, na nilienda mara moja. Nilikaa karibu na Mkuria mmoja wa Kegonga anaitwa Nyamusi, ambaye mama mkwe wake anataka kuleta msichana mwingine aizalie ile nyumba, na kwa kuwa yeye hajui Kijaluo na mimi sijui Kikuria tuliongea Kiswahili chetu cha sokoni. Akanimiminia uji kwenye kifuniko cha themosi, akasema, "Nyumbani wananiuliza nimeleta nini. Hapa wananiuliza nimelala aje. Wewe kuja tu." Kisha akalia mbele ya watu wote bila kujifunika, na mimi nikaona nikibaki pale nitalia na sitanyamaza tena, nikasema nimechelewa gari, nikatoka, na sijarudi.

Sasa Mama, sikia nilichofanya.

Mama mkwe wangu, Agutu, alifariki mwaka juzi. Alikuwa ananipenda, na katika watu wote wa boma hili ni yeye peke yake ambaye hakuwahi kunitazama tumbo kabla ya kunitazama uso. Mwezi wa nne nilimwota amesimama mlangoni na kikapu chake, akaniambia, "Nyar Kanyamkago, fungua, huku nje kuna baridi." Basi, hakuna zaidi. Niliamka nalia, nikamwambia Joash, na nilimwambia kwa sababu nilimkumbuka tu. Lakini unajua kwetu Wajaluo marehemu akija kwa ndoto akitaka kuingia nyumbani, anatafuta mtoto wa kubeba jina lake, na Joash hakungoja hata chai ipoe, alienda kumwambia shangazi yake, Waya Marcella, na Waya akaja na kuku kwapani, hakuniuliza swali lolote, akanishika mashavu yote mawili akasema, "Min Agutu."

Yaani mama yake Agutu. Mama Priscah, miaka saba mimi ni Nyar Kanyamkago, binti wa kule nilikotoka, na hakuna siku mtu aliniita Min yeyote. Nilifungua mdomo niseme hapana, na mdomo ukasema, "Karibu, Waya."

Tangu siku hiyo ndilo jina langu. Kanisani akina mama wa chama cha Dorkasi wananipisha kwenye benchi, mwenye omena sokoni ananichagulia dagaa walio safi, na Joash amewaambia wachimbaji wenzake wote na kila Ijumaa anarudi na ndizi ananisemesha polepole kana kwamba naweza kuvunjika. Damu imekuja tena na tena tangu hapo, nimefua kwa siri. Vidonge nimeacha, kliniki siendi, kwa sababu nikionekana kwenye benchi ya wanaotafuta wataniuliza natafuta nini tena. Na kabla ya hii ndoto daktari alikuwa amesema Joash naye apimwe, akakataa muda mrefu halafu akakubali, na sasa nikimkumbusha anacheka, "Kipimo cha nini tena? Si mama amesharudi?"

Ubaya ni kwamba nalipenda hili jina. Nikiitwa naitika haraka kabla hawajamaliza, na nikiwa peke yangu hapa dukani wakati mwingine najiita mwenyewe, kwa sauti ndogo, halafu naitika. Namtaka huyu mtoto mpaka mikono inaniuma. Nikishona kanzu ya mtoto wa mteja naichelewesha makusudi ikae kwangu kidogo.

Waya anasema tukishavuna mahindi atahamia kwangu anitunze, na tumbo hakuna. Nimefikiria niseme mimba imetoka. Watu watanihurumia, aibu itaisha, na hata aliyefiwa na mtoto bado huitwa mama. Nikisema hivyo, Mama Priscah, nitakuwa nimemkosea nani?

Ni mimi,
Min Agutu,
Rodi Kopany

*

Binti yangu,

Nimesoma mpaka mwisho kama ulivyoomba, na nimekasirika kidogo hata hivyo. Majina yote nimebadilisha, la soko pia, na jibu hili nilikutumia kwa anwani uliyoandika nyuma ya bahasha kabla ya kulichapisha hapa, kwa sababu huyo Waya wako akilisoma gazetini atakutambua hata nikikuita Malkia wa Sheba. Natumaini wakati wengine wanalisoma wewe umeshafanya nitakalokwambia.

Usiseme mimba imetoka. Fikiria vizuri kitakachofuata. Watakuja na uji na pole, utalia kilio cha kweli, na hakuna hata mmoja atakayejua unalilia nini. Joash ataambiwa na kila mtu kwamba yeye hana shida, mke ameshashika, tatizo ni kwamba haikai, na hospitali hataikanyaga tena. Daktari naye ukimpa hadithi hiyo atahangaika na ugonjwa usio wako huku ule wako umekaa pale pale. Umeniuliza utakuwa umemkosea nani. Utamkosea mwanamume anayekuletea ndizi kutoka Osiri, na utamkosea huyo mtoto unayemtaka, maana njia ndogo iliyobaki ya kumpata utakuwa umeifunga kwa mkono wako.

Wenzako nao wana makosa yao. Nyinyi kila Sabato mnafundishwa kwamba wafu wamelala na hawajui lolote, kisha marehemu akionekana kwenye ndoto moja tu mnatoka mbio na kuku. Sicheki sana, sisi Wakatoliki tuna yetu. Lakini mimi naiona ndoto yako hivi: ulikuwa umemkumbuka mtu aliyekutazama uso kwanza, na ulikuwa na haki ya kumlilia. Wamekunyang'anya kilio chako wakakigeuza habari njema, nawe ukawaachia kwa sababu habari yenyewe ilikuwa tamu. Hapo nakuelewa kabisa. Nani angekuwa na moyo wa kumrudishia Waya kuku wake?

Kuna jambo lingine ambalo hukuliandika, lakini liko kwenye kila mstari. Kila mwezi unafiwa. Mtu akifiwa huko kwenu boma hujaa watu, wengine hupika, wengine hukaa tu ili mwenye msiba asibaki na ukuta. Wewe unafiwa chooni, unanawa uso, unarudi kupima watu viuno. Hakuna anayekuletea hata chai, kwa kuwa hakuna anayejua kumetokea nini. Miaka saba ya hivyo, halafu unashangaa jina moja limekulevya. Mimi nashangaa hukulewa mapema.

Basi fanya hivi. Ijumaa Joash akifika, mwache ale, kisha mwambie mkiwa wawili: sina mimba, sijawahi kuwa nayo, niliitwa jina nikalipenda nikashindwa kulikataa. Usianze na Waya, usianze na ndoto, na usimlaumu kwa kupeleka habari. Atakasirika, huenda asiseme nawe Sabato nzima, na hiyo ni haki yake. Akinyanyua mkono, shika njia ya Kanyamkago siku hiyo hiyo. Ila mtu anayesemesha mke wake polepole asivunjike, sidhani atakuwa wa kwanza kumvunja. Akishapoa, yeye ndiye aende kwa Waya. Ndiye aliyebeba habari, yeye airudishe, nawe ukae kando yake, na mkilazimika kulipa kuku mlipe.

Kisha apimwe. Mwambie nimesema mimi kwamba mwanamume kupimwa si kushtakiwa, na kwamba wewe umeshalala chini ya ile mashine ya picha, yeye anaogopa kichupa. Daktari naye mwambie ukweli kwamba uliacha vidonge, wala usivianze tena vilivyobaki kwa akili yako. Na siku zikipangwa, Joash ndiye arudi nyumbani. Dhahabu imekaa ardhini miaka yote hiyo, itamngoja wiki moja. Wewe kwenda tena kulala kwenye kibanda cha wachimbaji huku wanaume wanacheka nje, hilo hata daktari hakukutuma.

Na Jumatano urudi kwa Sista Gesare, hili silegezi. Kile chumba si cha wenye wazimu, na si cha walioshindwa. Daktari anatibu mirija. Huku kungoja, huku kuhesabu na kunawa uso, hakuna kidonge chake, na huyo mama amejitolea kukaa nako pamoja nanyi. Akikuuliza kama unalala, mwambie silali. Unaogopa utalia usinyamaze. Utanyamaza, binti yangu. Utachoka, utasikia njaa, na Nyamusi atakuwa na uji. Yeye mwenyewe huenda anatazama mlango kila Jumatano kuona kama yule Mjaluo aliyekimbilia gari atarudi. Siku moja mpeleke na Joash, maana yeye pia alizika mama na anamtafuta.

Mtoto siwezi kukuahidi. Hakuna wa kukuahidi, na atakayekuahidi mkimbie. Ninachojua ni kwamba anayengoja na wenzake hulala usingizi, na wewe unahitaji kulala.

La mwisho ni sahihi yako. Jina uliloweka chini ni la mtu ambaye hajafika, na si vizuri kulitumia kabla hajaja. Akija atalikuta, nawe utaitwa hivyo na soko zima mpaka uchoke. Nimeigeuza karatasi yako mbele na nyuma nikitafuta jina ambalo mama yako mzazi alikupa, na sikuliona popote. Ukishasema na Joash niandikie tena, hata mstari mmoja, na chini yake uliweke. Hilo sitalichapisha. Nataka tu kujua nilikuwa nazungumza na nani.

Mama Priscah