Mukono wa Papa Nestor

Francine, uko wapi? Soma hii.

Leo asubuhi reunion, mukutano wa bureau yetu. Unajua namna yetu: sala, kusoma PV, ile ripoti ya reunion ya juma lililopita, kubishana juu ya PV. Nusu saa yote juu ya nani anabakia na ufunguo ya depot ya dawa!

Papa Nestor, shofere wetu wa siku nyingi, akanyanyua mukono. Mimi secrétaire, mwandishi wa PV, nikamwambia: «Papa, ngoja kwa divers, mambo mengine, point ya mwisho.»

Akanyanyua tena. «Papa, nimesema kwa divers!» Mbele ya watu wote, Francine. Akashusha mukono.

Na wakati ule gari ya Consolée, muuguzi wetu, ilikuwa ingali kwenye kiwanja, motere inawaka. Tuliisikia!

Tulipofika kwa divers akasimama: «Barabara ya Kibabi iko na watu wa bunduki tangu jana.»

Chef akauliza: «Consolée iko wapi?»

Infirmière wetu alikuwa ameisha kutoka. Kwa barabara ya Kibabi, na shofere mwingine.

Masaa ine tunapiga simu, haipite.

Wamerudi sasa hivi kwa miguu, matope mpaka kwa magoti. Walisikia risasi, wakaacha gari, wakakimbilia ndani ya mashamba. Wote wazima.

Consolée hakunisalimia. Alikamata PV ya leo kwa meza yangu. Unajua miye naandikaka PV kabla reunion kuanza, nipate kumaliza haraka.

Akaisoma kwa sauti, mbele ya Papa Nestor:

«Divers: hakuna.»