Papai Bichi la Nzigire

Kamembe, 4 Machi 1988

Mwanangu Hamimu,

Asalam aleikum. Sisi wazima, isipokuwa baba yako. Mikono inamtetemeka, kikombe hakishiki, uso umekakamaa. Mke mwenzangu Nzigire ndiye anayemlisha. Kwangu hapokei hata maji. Wewe unayesomea magonjwa huko Liège, nieleze: anaumwa nini?

Mama yako

Liège, 2 Aprili 1988

Mama mpenzi,

Waaleikum salaam. Barua yako imeniliza. Unajua mama mdogo Nzigire anavyoipaka nyama ngumu papai bichi hadi ilainike? Ndani ya papai mna vimeng'enya vinavyokata protini. Mwilini mwetu pia vimo vya namna hiyo, tunazaliwa navyo; kazi yao ni kuvunja protini zilizochakaa. Lakini seli ikiugua, huweza kukata hata zilizo nzima. Walimu wetu wanashuku kwamba ndivyo seli za neva zinavyokufa kwa wagonjwa kama Papa, na zikifa hazirudi. Mshukuru mama mdogo kwa subira yake.

Mwanao, Hamimu

Kamembe, 10 Mei 1988

Mwanangu,

Asalam aleikum. Baridi ya huko unaionaje? Wazee wa ukoo nimewasomea barua yako, pale kwenye papai mara mbili. Shangazi yako Mukankusi akapiga kelele: "Huyu muke anakula bongo ya muzee, na siye tunaangalia tu!" Nzigire aliapa kwa Msahafu, wakamwambia Msahafu kaujua juzi. Baba yako alitaka kusema, ulimi haukumfuata. Nzigire tumemvusha mpaka, daraja la Rusizi, arudi kwao Bukavu na nguo alizovaa. Binti yake Saada tumemzuia; ni damu yetu.

Mama yako

Liège, 30 Mei 1988

Mama,

Salamu zimenishinda. Papai lilikuwa mfano tu! Ukilila linaishia tumboni, haligusi ubongo. Nzigire hana kosa. Wasomee wazee barua hii, mrudisheni leo. Papa anakula kwa mkono wa nani?

Hamimu

Kamembe, 19 Agosti 1988

Mwanangu,

Asalam aleikum. Pole kwa msiba. Baba yako tulimzika mwezi uliopita. Kila alipoona kijiko changu alifumba mdomo, akamwita yule hadi sauti ikakatika.

Barua yako sikumsomea mtu. Usidhani mama yako ni mjinga. Ile ya kwanza niliielewa siku ileile: tunazaliwa navyo, uliandika waziwazi, na mstari huo niliuruka nilipowasomea wazee. Miaka yote nililia kwa wazee wamtoe mwanamke huyo, hawakunisikia. Msomi wamemsikia.

Bukavu usiandike. Saada ameanza kuniita Mama.

Mama yako