Mtoto Aliyekuwa Ndani ya Gogo

Jumamosi, saa nane mchana. Mvua inanyesha tangu alfajiri bila kupumzika. Mto Lumemo umetapika, maji yamefika kwenye migomba ya jirani, na mimi nimekaa ndani kama kuku aliyefunikwa tenga.

Shajara, leo nimebanwa.

Wanaonisoma kila Jumamosi kwenye blogu ya darasa wamenizoea. Wanajua kwamba mimi ni Otmari, fundi wa kuchonga, na kwamba vinu vyangu vinatwanga kuanzia Mahenge hadi Malinyi. Wanajua kuna kanisa lina msalaba niliouchonga peke yangu kwa wiki moja, na padri alipouona alivua miwani akausogelea. Wanajua pia kwamba shule niliishia darasa la nne, lakini chuo chetu hiki kidogo kilinipokea kwa ujuzi wa mikono, nikakaa dawati moja na watoto wenye vyeti vyao, tunasomea shahada ya sanaa. Nimeyaandika hayo humu mara nyingi. Sijutii, ni ya kweli.

Leo naandika jingine la kweli, na hili silipendi.

Jumatatu saa tatu asubuhi naitwa mbele ya jopo la walimu. Editha, mwanafunzi mwenzangu, naye ameitwa. Kosa ni langu, ila anayeweza kusimamishwa chuo ni yeye. Ngoja nieleze taratibu, maana kidole changu kimoja tu ndicho kinachojua kuandika kwenye hizi simu za kupangusa.

Anayetufundisha uchongaji ni Madamu Rehema, binti mdogo, rika la kitindamimba wangu. Kila asubuhi ananiamkia shikamoo kwa heshima zote, ananyenyekea kabisa, halafu akikaa kwenye meza yake ananipa alama mbovu. Sababu ni moja. Chuoni huruhusiwi kuchonga mpaka umechora. Kila mtu ana daftari la michoro. Unapewa gogo, linapigwa picha likiwa na magamba yake, unachora unachotaka kukitoa humo, unaonyesha, ndipo unashika tezo uanze kuchonga.

Mimi sijachora maishani mwangu. Nikishika penseli, mkono huu uliochonga mitumbwi unatetemeka kama wa mtu mwenye malaria.

Hilo sikumwambia mtu. Niliposimama mbele yao siku ya kwanza nilisema fundi wa kweli hachori, gogo lenyewe linamwonyesha kilichomo. Watoto wakapiga makofi. Nikayapenda yale makofi.

Tulipokelewa mafundi wawili. Mwenzangu alikuwa Gaspari, mtengeneza ngoma, tunakaa mtaa mmoja hapa Kibaoni. Alivumilia miezi miwili akaacha. Alisema, "Otmari, mimi nilikuja na tezo yangu, hawa wamenipa kifutio." Nikamcheka. Nikamcheka sokoni, nikamcheka kwenye jumuiya ya kanisa mbele ya wake zetu, nikamwambia kichwa chake kigumu kuliko gogo la mkongo. Nikaapa kwamba watu watakuja kuniona nimevaa joho. Mke wangu, Mama Skola, naye akasimama akasema basi kina mama wachague kitenge cha sare. Wamekwisha kuchagua. Cha bluu, chenye ndege.

Hapo utaona nilivyojifunga mwenyewe, na fundo nikalikaza kwa meno.

Muhula huu nilipewa gogo la mninga. Nikamchonga mama anayepandikiza mpunga, ameinama, miguu ndani ya maji, mtoto mgongoni. Ile kazi ni nzuri. Nitaisifu hata mkinichukia. Kichwa cha mtoto ni jicho la mti, lile fundo jeusi la mviringo linalokaa ndani kabisa ya gogo ambalo mafundi wengi wakilikuta wanatukana. Mimi nililifanya kichwa cha mtoto. Walimu wa madarasa mengine walikuja kulishika kwa vidole.

Tatizo ni daftari. Wiki ya kwanza nilimwambia Madamu nimechora, ila daftari nimelisahau nyumbani, akaniruhusu nianze kuchonga. Wiki ya pili nikasema limelowa. Wiki ya nne sikumbuki nilisema nini, ila Madamu alinitazama mpaka nikasikia aibu. Ikafika siku ya kukusanya, kazi imekwisha, daftari ni jeupe kama sahani.

Nikamwendea Editha.

Editha ametoka Malinyi. Mama yake analima mpunga, na ndiye mtoto wa kwanza nyumbani kwao kufika chuo. Kwa kuchora hana mpinzani. Tangu siku ya kwanza tunataniana, ndivyo babu na mjukuu wanavyoishi huku kwetu. Yeye ananiita mume wangu kibogoyo, mimi namwita mke wangu anayeunguza wali. Ndiye anayenisahihishia hata hizi shajara kabla sijazituma kwenye blogu ya darasa.

Nilimwambia anichoree michoro minne, tuseme niliichora kabla ya kuchonga. Akasema, "Hapana Babu, hiyo watatufukuza." Nikambembeleza. Akasema hapana tena, anacheka, lakini ni hapana.

Ndipo nikasema neno ambalo leo linanisuta. Nilimwambia, "Haya. Mjukuu kamnyima babu yake. Nitakufa na kinyongo hiki, utakuja kunililia kaburini."

Nilisema kwa utani. Lakini nilijua. Mtoto aliyelelewa kwetu hawezi kusikia mzee anataja kinyongo chake na kaburi lake, akaendelea kukataa. Niliona kicheko kikimtoka usoni. Akanyoosha mkono akachukua daftari.

Na bado sikutosheka. Alipoanza kuchora, akasema, "Babu, mchoro wa mwanzo huwa haufanani na kazi. Niukoseekosee kidogo." Nikagoma. Nikamwambia mimi sio fundi wa kubadilishabadilisha mawazo, chora kama ilivyo, hata jicho liweke palepale lilipo. Nilitaka ionekane kwamba tangu siku ya kwanza nilijua kila kitu.

Akaliweka palepale.

Alhamisi Madamu Rehema akaja na daftari langu na ile picha ya gogo. Akasema mbele ya darasa zima, kwa upole, "Babu Otmari, hapa gogo lako lina magamba yake. Jicho halionekani, lilikuwa ndani. Lakini mchoro wako wa wiki ya kwanza tayari unalo. Ulilionaje?"

Mtu mwenye akili angesema nimekosa. Mimi nikajibu, "Madamu, mimi kwa mninga ni eksirei. Naona mpaka ndani."

Darasa likaangua kicheko. Mmoja wa nyuma akasema, "Babu, hebu nitazame tumboni nina nini." Mwenzake akamjibu, "Una maharage ya hosteli, hata mimi nayaona."

Madamu hakucheka. Akasema vizuri, Jumatatu jopo litaniletea gogo jingine lenye magamba, nichore kilichomo, halafu litapasuliwa mbele ya watu. Kisha akafungua daftari tena, akalitazama kwa karibu, akauliza, "Kumbe Babu unatumia mkono wa kushoto?"

Mistari ya kivuli ya mtu wa mashoto hulala kinyume na ya wengine. Mimi sikujua hilo. Madamu anajua. Na darasani mwetu mwenye mashoto ni mmoja.

Editha akainamisha kichwa.

Aliitwa ofisini peke yake. Alipotoka nilikuwa nje namsubiri, macho yake mekundu. Nikamuuliza amesema nini.

"Sijasema kitu, Babu."

"Mbona hukusema?"

"Ningeanzaje kumsema babu yangu?"

Akaenda zake hosteli. Hakuniita kibogoyo.

Ijumaa Madamu akanieleza taratibu zilivyo. Aliyechorewa anarudia mwaka. Aliyemchorea mwenzake anasimamishwa, isipokuwa ithibitike kwamba alilazimishwa, hapo atapewa onyo tu. Akaniuliza mara ya mwisho michoro ni ya nani. Nikasema ni yangu.

Ni yangu! Nilisema hivyo nikiwa nimesimama wima, mzee mwenye mvi, na rozari mfukoni.

Tangu jana natafuta pa kutokea. Nikisema kweli, narudia mwaka, na umri wangu huu sijui kama huo mwaka ninao. Kitenge cha ndege kitakaa kabatini. Gaspari atanicheka, na ana haki, maana nilimcheka bila huruma. Nikikaa kimya, Jumatatu wananiwekea gogo mbele yangu na penseli mkononi, watanicheka vilevile, na Editha anapanda gari kurudi Malinyi na begi lake. Nikasema basi niugue. Kweli, niliwaza kuugua. Nikaomba hata maji yafunge barabara. Mto huu unaosumbua kila mtu mwaka mzima, nikauomba unisaidie.

Mchana huu nilimsimulia Mama Skola. Yupo mlangoni na ungo, anachambua mchele. Hakuinua macho.

"Unaogopa Gaspari atakucheka," akasema.

"Mimi simwogopi mtu."

"Haya. Na huyo mtoto wa watu, yeye anaogopa nini?"

Nikamwambia mvua imezidi, sisikii vizuri.

Akaendelea kutoa mawe kwenye mchele. Hajaniuliza tena, na ndiyo mbaya zaidi. Mke wangu akiuliza mara moja, anajua kungoja jibu. Aliwahi kuningoja mwaka mzima nikiri nani aliyemuuza jogoo wake.

Sasa, shajara, limebaki moja. Hili Editha hajamwambia mtu, na wala asingelisema.

Nimesema kwamba nililifanya jicho kuwa kichwa cha mtoto. Humu humu, wiki chache zilizopita, niliandika kwamba nilipoliona gogo tu nilimwona mtoto amelala ndani yake. Madamu alisoma, akaandika chini yake kwamba ni maneno mazuri.

Haikuwa hivyo.

Nilikuwa namchonga mama peke yake. Patasi ikagonga jicho, ncha ikavunjika, nikatukana matusi ya kwetu ambayo kwa bahati wale watoto hawayajui. Nikasema gogo limeharibika. Nikaliviringisha kwa mguu mpaka kwenye kuni za jikoni, nikaenda kuosha mikono. Editha alikuwa anapita na kikombe chake cha chai. Akachuchumaa. Akaligeuza. Akaniita, "Babu, usilitupe! Huyu si mtoto huyu? Tazama kichwa chake. Mama yake amembeba."

Nikatazama. Alikuwepo kweli, mgongoni palepale.

Nikamwambia, "Nilimwona zamani, nilikuwa nakupima wewe." Akacheka, akaniamini, au alijifanya ameniamini. Jioni hiyohiyo nilikuwa nawasimulia wengine jinsi ninavyoona ndani ya miti.

Mikono iliyomtoa yule mtoto ni yangu, hilo sitamwachia mtu, na hakuna wa kulingana nami kuanzia hapa hadi ng'ambo ya mto. Macho yaliyomwona ni ya Editha. Nikamchukulia kile alichokiona, nikamchukulia na mkono wake wa kushoto, na Ijumaa nikasema vyote ni vyangu.

Madamu Rehema, uliniuliza mbele ya watu nililionaje. Najibu mbele ya watu, maana blogu hii darasa lote linaisoma. Sikuliona. Aliliona Editha. Michoro alichora yeye, kwa sababu nilimtisha kwa kinyongo cha mzee, na sikumwachia njia ya kukataa. Kinyongo hakipo. Hakikuwepo hata siku ile. Editha, ukisoma hapa, kalale usingizi.

Jumatatu nitakuja. Maji yakifika magotini nitakunja suruali. Hilo gogo lenu lileteni, nitawaambia sijui kilichomo, kisha nitaomba tezo, na mkikataa kunipa nitakaa kwenye kiti nisikilize hukumu. Mkisema nirudie mwaka, nitarudia, na safari hii nitaanza na penseli, mkono ukitetemeka utetemeke. Gaspari, wewe najua binti yako atakusomea. Cheka utakavyo, lakini ukimaliza kucheka nipitie nyumbani, nina patasi ya kunolewa na wewe una jiwe zuri kuliko langu. Sijawahi kukuambia hivyo.

Leo hakuna aliyenisahihishia. Mkikuta herufi zimekosewa, hizo ni zangu kweli.

Ni saa kumi sasa. Mvua imepungua, nasikia kila punje inavyogonga ungo pale mlangoni, na mchele umebaki kidogo. Natuma sasa hivi, kabla Mama Skola hajainua macho.